Nani anasahihisha siku hizi?

Mei 2024, Serikali ya Kenya ilipopeleka bungeni Mswada wa Fedha, hakuna aliyetarajia kwamba vijana wangeusoma. Miswada ya namna hiyo huandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, kifungu kimoja kikikurudisha kwenye sheria nyingine ya miaka ya nyuma, na kazi ya kuifafanua ilikuwa ya wanahabari na wachumi wachache wanaoalikwa studioni baada ya taarifa ya habari. Mwaka ule mambo yalikwenda vingine. Vijana waliuchambua kifungu kwa kifungu kwenye TikTok na X: kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye mkate, kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, tozo ya mazingira iliyotishia kupandisha bei ya nepi na taulo za kike. Wengine waliufafanua kwa Kiswahili, wengine kwa lugha za nyumbani kwao ili hata bibi aliyeko kijijini aelewe. Mtaalamu mmoja kijana wa programu akatengeneza chombo cha akili unde ambacho ungekiuliza swali kuhusu mswada kikakujibu. Tarehe 25 Juni wabunge waliupitisha, waandamanaji wakaingia kwenye majengo ya Bunge, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Makumi ya watu walipoteza maisha katika maandamano ya majuma yale.

Nimekula chumvi kiasi katika kazi ya magazeti, na sijaona somo la uraia lililofundishwa kwa upana na kwa kasi kama lile. Halikuwa na mtaala, mwalimu wala kengele ya mapumziko. Watu walifundishana sheria ya kodi wakiwa kwenye matatu, kwenye foleni ya maji, vitandani usiku. Kila anayependa kuona wananchi wakijua mambo yao alikuwa na haki ya kufurahi, nami nilifurahi.

Lakini fuatilia habari moja tu katika mlolongo ule uone ilivyosafiri. Tarehe 18 Juni ilitangazwa kwamba kodi ya mkate na ile ya magari zimeondolewa kwenye mswada. Gazeti la kesho yake liliandika hivyo, na la jana likafungiwa maandazi. Video za wiki iliyotangulia zilibaki mtandaoni vilevile, zikaendelea kumfikia mtu mpya kila dakika, zikimwambia kwamba mkate utatozwa kodi. Aliyezirekodi hakudanganya, siku ile alisema kweli. Ila hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kurudi kwenye jambo lililokwishasemwa, kulipitisha kalamu nyekundu na kusema: hapa pamebadilika. Kazi hiyo ina wenyewe. Katika chumba cha habari hufanywa na mhariri, darasani hufanywa na mwalimu, na simu ya mkononi imewapita wote wawili kwa wakati mmoja.

Kwetu sisi wasomaji wa Kiswahili, watu hawa wawili ni ndugu wa damu. Gazeti la kwanza la Kiswahili, *Msimulizi*, lilianza kutoka mwaka 1888 Unguja, kwenye shule ya wamisionari ya Kiungani. Habari zake ziliandikwa na wanafunzi na walimu waliotawanyika kwenye vituo vya bara, kila mmoja akieleza yaliyotokea alipo. *Mambo Leo*, gazeti lililosomwa kuliko mengine yote Tanganyika wakati wa Waingereza, lilianzishwa mwaka 1923 na Idara ya Elimu. Serikali ya kikoloni ilikuwa na shabaha zake, hilo halina ubishi. Lakini wasomaji walilifanya lao: humo walipeleka habari za miji yao, walibishana juu ya lugha, na humo Shaaban Robert alichapisha mashairi yake. Mtoto aliyemaliza shule kijijini asiwe na kitabu kingine cha kusoma, aliendelea na masomo kupitia gazeti. Na kila kilichochapishwa kilikuwa kimepita mikononi mwa mtu aliyekisoma kwanza, akakikataa au akakinyoosha.

Redio ilipofika haikuvunja udugu huo. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wiki baada ya wiki, wakasikiliza vipindi vya redio kuhusu malaria, kuhara na kichocho, kisha wakajadili na kukubaliana la kufanya kijijini kwao. Vyoo vilichimbwa kwa malaki. Tunapoisimulia kampeni hiyo huwa tunaisifu redio, na ninaona tunakosea mahali pa kuweka sifa. Redio zilikuwepo kabla ya hapo na watu waliugua vilevile. Jambo jipya lilikuwa kiongozi wa kikundi, aliyepewa mafunzo, akiwa na kijitabu mkononi, aliyezima redio kipindi kilipokwisha akauliza: mmeelewa nini? Hiki kilichosemwa, hapa kwetu kikoje?

Simu imekuja bila mtu huyo. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, bei ya intaneti ikaanza kushuka, simu za bei nafuu zikafuata, na leo kundi la WhatsApp la ukoo linapokea kwa siku moja habari nyingi kuliko alizozipata babu yetu kwa mwaka. Hakuna anayezima na kuuliza mmeelewa nini. Hata pale panapokuwa na nembo ya gazeti, siku hizi nembo yenyewe haitoshi. Kadi ya habari yenye rangi na nembo ya chombo kinachoaminika hutengenezwa kwa dakika chache na mtu ambaye hajawahi kukanyaga chumba cha habari, na chombo husika hulazimika kuweka mhuri wa "UZUSHI" juu ya kadi hiyo wakati imeshafika mbali.

Siku ambayo udugu wa habari na elimu huonekana wazi zaidi ni siku ya matokeo ya mitihani. Zamani matokeo yalibandikwa kwenye ubao wa shule, watoto wakibanana kutafuta namba zao. Sasa Baraza la Mitihani la Tanzania likitangaza tu, kila mzazi anayo mkononi. Ni hatua kubwa na sitaki kuidharau. Mtoto wa Newala, Mtwara, anajua alichopata saa ileile na mtoto wa Masaki, Dar es Salaam. Ila kabla Baraza halijatangaza, viungo vya uongo huwa vimeshaanza kuzunguka. Nilikuwa kwenye duka la vifaa vya ofisi, la fotokopi na uchapaji, mama mmoja alipoingia na simu yake ameinyoosha mbele.

"Mwanangu, nifungulie hii, wanasema matokeo yametoka."

"Shikamoo mama," kijana wa dukani akaitikia, akaichukua. Hakubonyeza. Aliisogeza karibu na macho, akaifuata ile anwani kwa kidole, herufi moja moja. "Mama, hii siyo ya Baraza. Ya Baraza inaishia na go.tz. Hii ukiingia watakuomba namba ya simu, kisha watakuomba na hela."

Nilimuuliza amejifunza wapi. Akasema kaka yake aliwahi kutumiwa tangazo la ajira la namna ile, akatuma pesa za "usajili", na tangu hapo yeye haruki anwani. Kijana huyo alisoma hadi kidato cha nne. Katika miaka yote hiyo darasani hakuna aliyemfundisha kuisoma anwani ya tovuti. Kamfundisha tapeli, na ada ameilipa kaka yake.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Kuthibitisha habari kunatazamwa kama ujuzi wa wachache, kazi ya wataalamu wa PesaCheck na Africa Check kule Nairobi au Nukta Fakti na JamiiCheck hapa kwetu Tanzania. Watu hawa wanafanya kazi kubwa na wengine tunawategemea. Lakini ukiitazama kazi yao kwa karibu, karibu yote ni masomo ya sekondari.

Chukua uchunguzi ambao wanahabari wengi wa Afrika wanaujua, uliotolewa na BBC Africa Eye Septemba 2018. Julai ya mwaka ule ilisambaa video ya kutisha: askari wakiwaongoza wanawake wawili na watoto wao, mmoja akiwa mgongoni mwa mama yake, kisha wakiwapiga risasi. Serikali ya Cameroon mwanzoni iliiita habari ya uongo. Video haikuwa na tarehe wala jina la mahali. Wachunguzi walianza na picha zenyewe. Kwenye sekunde za mwanzo kunaonekana safu ya milima nyuma ya watu wale. Waliilinganisha na picha za setilaiti, na baada ya kudokezwa na mtu wa Cameroon wakaipata inayofanana nayo, karibu na mji wa Zelevet, kaskazini ya mbali ya Cameroon. Wakatazama nyumba: ipi ilikuwa imejengwa, ipi ilikuwa bado, ukuta upi ulikuwepo kwenye picha ya mwaka fulani na haukuwepo kwenye ya mwaka mwingine. Kisha wakapima vivuli vya askari wanapotembea njiani. Kwa pembe ya kivuli wakajua jua lilikuwa wapi angani, na kwa jua wakaifikia tarehe: kati ya 20 Machi na 5 Aprili 2015. Mwaka 2020 mahakama ya kijeshi iliwahukumu wanajeshi wanne kifungo cha miaka 10 kila mmoja, na wa tano miaka miwili.

Safu ya milima na ramani ni jiografia. Kivuli na pembe ni hisabati ya vitabu ambavyo watoto wetu wanavibeba kila asubuhi wakiuliza vitawasaidia nini maishani. Mwaka 2025 BBC ilitumia njia za jamaa hiyo, ikipitia maelfu ya picha na video, kuwatambua askari waliofyatua risasi nje ya Bunge la Kenya siku ile ya 25 Juni 2024. Ningekuwa mwalimu wa hisabati ningeanza somo la trigonometria kwa kivuli cha askari wa Zelevet, na nina hakika darasani pasingesinzia mtu.

Walimu wanayo sababu nyingine ya kuharakisha. Mwalimu mmoja wa Kiswahili ninayemfahamu alinionyesha rundo la insha za kidato cha tatu. Mada ilikuwa maendeleo ya teknolojia. Insha baada ya insha ilifungua kwa "Katika ulimwengu wa leo wa kidijitali", ikaendelea na "ni muhimu kutambua kwamba", ikafunga kwa "kwa kumalizia, teknolojia ina faida na hasara". Upatanisho wa ngeli ulikuwa sahihi kuliko ule wa darasani. Hapakuwa na kosa la kusahihisha, wala hapakuwa na mtu ndani yake. Mtoto wa mvuvi na mtoto wa karani waliandika sentensi zilezile kwa sababu hawakuziandika, waliiuliza simu.

Angeweza kuwachapa, angeweza kuzipiga marufuku simu ambazo tayari zimepigwa marufuku. Alifanya jambo ambalo nalisifu kwa moyo wote. Aliwarudishia insha zote bila alama, akawapa kazi mpya: kila mmoja aende kwa mtu mzima mmoja mtaani, amuulize kuhusu siku moja aliyoikumbuka maishani mwake, aandike alichosikia, kisha asome mbele ya darasa na wenzake wamhoji. Ulijuaje kwamba ilikuwa masika? Ulimuuliza jina la hiyo meli? Huyo bibi aliona kwa macho yake au alisimuliwa? Watoto wakarudi mtaani kuuliza tena. Lugha ilikuwa na makosa, na mwalimu alikuwa na kazi ya kufanya na kalamu yake nyekundu. Bila kuliita hivyo, alikuwa amewapitisha kwenye mafunzo ya mwandishi wa habari chipukizi: nenda, sikiliza, rudi, ulizwa, rudi tena.

Ninaposikia mjadala wa teknolojia shuleni ukiishia kwenye idadi ya vifaa, huwa namkumbuka mwalimu huyu. Kenya ilianza mwaka 2016 kugawa vishikwambi kwa shule za msingi, vikapita milioni moja, na katika shule nyingi viliishia kabatini kwa kufuli kwa kuogopa wezi au kwa kukosa umeme wa kuvichaji. Tanzania ilifanya jambo la akili pale vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 vilipokabidhiwa kwa walimu. Angalau vilianzia mikononi mwa anayefundisha. Wakati wa korona tulijifunza haraka kipi kinamfikia mtoto na kipi hakimfikii. Shule zetu zilifungwa Machi 2020 zikafunguliwa zote mwishoni mwa Juni. Kenya ilisubiri hadi Januari 2021 kwa madarasa yote. Uganda hadi Januari 2022. Aliyekuwa na intaneti na mzazi wa kumsimamia alisonga. Wengi waliokoka kwa vitu vya kawaida zaidi: masomo ya redio, katuni za Ubongo Kids ambazo zilikuwa zikifundisha hisabati kwa Kiswahili kwenye televisheni tangu 2014, na kule Kenya huduma ya Shupavu 291, iliyotuma masomo na maswali kwa ujumbe mfupi kwenye kitochi kisicho na intaneti. Bando likiisha, kitochi kinaendelea. Na waya wa baharini ukikatika, kama ulivyokatika 12 Mei 2024 na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa, au serikali ikiizima intaneti kwa makusudi kama Uganda ilivyofanya kwenye uchaguzi wa Januari 2021, darasa la mtandaoni na habari za mtandaoni hulala pamoja.

Upande wa magazeti, jeraha ni la pesa. Matangazo yaliyokuwa yakilipia kurasa yamehamia kwa Google na Facebook, na mauzo ya nakala yamepungua. Anayeumia kwanza ni mwandishi wa mkoani. Wengi wao hawana mshahara. Hulipwa kwa habari iliyochapishwa, na nauli ya kwenda Liwale kuthibitisha jambo moja inaweza kuzidi malipo ya habari yenyewe. Mtu huyo akipewa bahasha ya khaki na mwenye hafla, tunamlaumu yeye. Kando yake wamesimama vijana wa televisheni za mtandaoni wenye maikrofoni za kila rangi, ambao kipato chao kinategemea idadi ya waliobonyeza, ndiyo maana msiba hupewa kichwa cha habari cha kushangaza na mfiwa huulizwa anajisikiaje kabla kaburi halijafukiwa. Kanuni za Tanzania za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwatoza ada za leseni na kuwawekea makosa mengi ya kuadhibiwa. Hazikumpa hata mmoja wao mhariri.

Jambo moja zaidi halizungumzwi inavyostahili. Mashine hizi zinazowaandikia watoto insha zilijifunza Kiswahili kutoka wapi? Sehemu kubwa ya maandishi ya Kiswahili yaliyomo mtandaoni ni ya vyombo vya habari. Tangu kabla ya akili unde kuvuma, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Helsinki walikusanya hazina yao kubwa ya maandishi ya Kiswahili kwa kutegemea magazeti yetu pamoja na vitabu. Kwa hiyo kila habari tunayoichapisha kwa haraka bila kuisahihisha, kila tafsiri ya ovyo ya taarifa ya shirika la nje, inakuwa kitabu cha kiada cha mashine, na mashine inamfundisha mtoto, na mtoto anamletea mwalimu. Mhariri aliyepunguzwa kazi mwaka huu atatafutwa kwenye insha za kidato cha tatu miaka kumi ijayo.

Sioni sababu ya kusubiri mradi wa mabilioni. *Taifa Leo* limeingia madarasani Kenya kwa miaka mingi, na kuna wanafunzi waliojifunza kuandika insha kwa kulisoma. Sisi Tanzania tuna klabu ya waandishi wa habari karibu kila mkoa, chini ya umoja wao wa UTPC, na zimejaa watu wanaojua kutambua picha ya zamani iliyopewa tarehe mpya, kumpigia mtu wa pili kabla ya kumwamini wa kwanza, na kuisoma anwani ya tovuti mpaka herufi ya mwisho. Kila klabu ichukue shule mbili au tatu. Magazeti yatenge ukurasa mmoja wa Jumamosi kuonyesha hatua kwa hatua jinsi habari moja kubwa ya wiki ilivyothibitishwa, na ukurasa huo ubandikwe kwenye ubao wa shule. Wizara ya Elimu, ambayo imeanza kutekeleza mitaala mipya tangu Januari 2024, iwape walimu wa uraia, historia na Kiswahili ruhusa ya kutumia habari za wiki kama zana ya kufundishia bila kuogopa kuitwa wachochezi.

Mwalimu yule wa insha ana kipindi cha klabu kila Ijumaa saa nane mchana. Watoto wake wameshakusanya masimulizi ya wazee wa mtaa mzima, na sasa baadhi ya masimulizi yanapingana kuhusu mwaka ambao soko lao liliungua. Anatafuta mwandishi wa kuja kuwaonyesha jambo kama hilo linavyotatuliwa.